Mbuzi wa Himbi Walikula Pektini Yetu

Juzi msichana mmoja alibisha hodi kwangu na chupa ya konfitiri, jemu ya matunda. Alikuwa ametoka semina. Chupa ilikuwa na karatasi ya kupendeza ubavuni, fraizi nyekundu, tunda la stroberi, iliyochorwa macho na meno, na chini yake neno «naturel», yaani asilia, kwa herufi kubwa kuliko tunda lenyewe.

"Papa, onja kidogo, unipe avis," akasema.

Nilifungua. Nilichukua kijiko, nikaona nitakidhalilisha kijiko bure, nikachukua glasi. Nilikunywa mpaka nusu. Ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Hata dawa ya kikohozi ya watoto ni tamu.

"Juu ya nini unakunywa, Papa? Iko ya kupaka kwa mukate."

"Basi ipake wewe," nikamwambia, nikampa mkate. Akapaka. Konfitiri ilipita juu ya mkate, ikapita kwenye vidole vyake, ikafika kwenye kiwiko, na kama nisingempa kitambaa ingefika ziwani. Ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo: "Niongeze unga wa muhogo?"

Kwa ajili ya swali hilo nimekaa kuandika haya. Ninyi vijana mnaosema mnataka «kutransforme», yaani kusindika, matunda ya Kivu, someni. Nitawatukana kidogo, lakini nitawafundisha pia, na wengi wanaowafundisha siku hizi hawafanyi hata moja kati ya hayo mawili.

Najua hamumsikilizi mtu asiye na cheo, kwa hiyo nakitaja: nilikuwa chef de laboratoire, mkuu wa maabara, katika kiwanda kidogo cha konfitiri hapa Himbi, mtaa wa Goma. Neno kiwanda lisiwatishe. Ilikuwa nyumba yenye jiko kubwa nyuma na masufuria makubwa. Maabara ilikuwa meza moja, kipimajoto kimoja, visahani viwili, na mimi. Nilisoma chuo kikuu, upande wa kilimo. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu pektini ya ganda la marakuja, matunda ya pasheni, na waalimu waliipongeza. Kwa miaka yote iliyofuata sikupika ganda hata moja. Mtu akishaandika jambo vizuri, anaona kulifanya ni kurudia. Nimestaafu kabla ya mvi kuenea kichwani, si kwa sababu nimechoka, bali kwa sababu kiwanda kilistaafu kabla yangu.

Sasa, pektini ni nini? Tazama ukuta wowote wa mji huu, mawe meusi ya volkano yaliyopangwa, na katikati yake simenti. Tunda ni ukuta wa namna hiyo. Mawe ni vile vijumba vidogo vidogo vyenye maji na sukari, na simenti inayovishikanisha ndiyo pektini. Tunda bichi lina simenti ngumu, ndiyo maana pera bichi linakuvunja jino. Likiiva, simenti inaanza kulegea. Likiiva kupita kiasi, imekwisha kuoza, na ukuta unakuangukia mkononi. Karoti ni hivyo hivyo, kabichi ni hivyo hivyo, hata maharage. Anayepika konfitiri ni fundi mwizi: anaibomoa nyumba ya tunda kwa moto, anaiba simenti, halafu anajenga nayo nyumba nyingine ndani ya chupa, kwa msaada wa sukari na ukali wa ndimu. Tunda lisipokuwa na simenti, utajenga na nini? Na sukari peke yake? Hiyo inaitwa siro, maji ya sukari ya kunywa.

Ni maneno machache tu. Lakini nimeona watu wakikaa kwenye viti vya plastiki siku nzima, wakipewa chai, soda na kalamu, wakaondoka bila kuyasikia, kwa sababu mwalimu alikuwa anaonyesha jinsi ya kubandika karatasi kwenye chupa.

Sisi pia tulikuwa na mwalimu. Alikuja mtaalamu kutoka mbali, mtu wa mwambao, akakaa kwetu kwa muda mfupi, akaacha sheria moja: konfitiri iko tayari kipimajoto kikifika cent cinq, digrii mia na tano. Patroni, mwenye kiwanda, akaiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Tukaitii. Konfitiri yetu ikatoka nyeusi, ngumu, yenye ladha ya sufuria. Wateja walisema ni nzuri kwa kuziba bati linalovuja. Mtaalamu akaandika kwamba kosa ni la matunda: mapera ya Rutshuru hayafai. Patroni akaagiza pektini ya unga, ya kopo, kutoka Ulaya. Na mapera ya Rutshuru yalibeba hiyo aibu miaka mingi, kama mtu aliyeshtakiwa wizi siku ambayo hata hakuwa sokoni.

Nilikuja kuchemsha maji matupu siku moja, kwa kukosa kazi, na kipimajoto ndani. Yalitokota vizuri, yakarusha kifuniko, na kipimajoto kilisimama kwenye nonante-cinq, tisini na tano. Kikakataa kupanda. Bila shaka! Tunakaa juu mlimani. Maji ya hapa yanachemka mapema kuliko maji ya mwambao, na konfitiri nayo inakuwa tayari mapema kwa kiasi hicho hicho. Cent cinq ya mtaalamu ni kama cent yetu, mia kamili. Jambo hilo liko kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani. Lakini ukuta ulikuwa na rangi nyekundu, na rangi nyekundu ina diploma kubwa kuliko yangu.

Kwa hiyo wewe unayepika kwa kuangalia video ya mama wa mji wa bandari kwenye simu yako, kwanza chemsha maji yako mwenyewe. Angalia yanachemkia wapi. Ongeza digrii tano hivi, na usimame hapo. Kisha weka tone kwenye kisahani baridi, ngoja lipoe, lisukume kwa kidole. Likikunja uso kama shangazi aliyeambiwa chakula kimekwisha, epua. Likikimbia, bado. Kisahani kikikosa friji, na najua habari ya umeme wetu, kilaze juu ya jiwe la kivulini. Mawe hatujapungukiwa.

Nirudi kwa lile kopo la Ulaya, maana ndilo lililotuharibu. Kijiko kimoja cha unga na konfitiri inasimama kama askari. Tukaacha kuchagua matunda, tukaacha kisahani, tukaacha kufikiri. Wakati huo huo tulikuwa tukikamua marakuja ya kutoka upande wa Lac Vert, gunia kwa gunia, na maganda tukiyatupa nyuma ya ukuta, kwa mbuzi wa jirani. Ganda la marakuja! Ile nyama nene iliyo ndani ya ganda imejaa pektini kuliko tunda lolote tulilokuwa tunapika. Mimi, mwenye karatasi ya chuo kikuu juu ya ganda hilo, nilipita kila asubuhi kati ya mbuzi wanaokula mada yangu, nikaingia ndani kufungua kopo. Mbuzi wale walikuwa na pektini tumboni kuliko sisi kwenye ghala. Manyoya yao yaling'aa.

Halafu ndege zikaacha kutua, mnajua wenyewe, na kopo likaacha kuja, na konfitiri yetu ikawa ya kunywa. Na ndipo mpishi wetu mkuu alipochagua kuwaahidi wakwe zake muujiza.

Jina lake Papa Ramazani. Wazee wake walitoka Maniema na biashara, wakakaa hapa. Ni mtu wa kofia safi, tumbo la heshima, na mdomo usio na breki. Mtoto wake alikuwa anachumbia msichana wa familia ya kule Masisi, Wakristo, watu wa ng'ombe na fromage, yaani jibini. Mambo ya dini yalikuwa yameshasemwa na wenye hekima wa pande zote mbili, yakaisha vizuri. Yaliyobaki yalikuwa ya tumbo, na hayo ndiyo magumu.

Siku ya kujitambulisha, mjomba wa msichana, Papa Bahati, alileta duara la fromage aliyoitengeneza mwenyewe, akaikata mbele ya wageni taratibu, kama mtu anayekata utepe wa daraja. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kama rafiki wa familia, maana yake kubeba kreti za soda.

"Na nyiye watu wa Goma," akasema Papa Bahati, "munaletaka nini? Nasikia Papa Ramazani anapika konfitiri. Ile minaijua. Tunaikunywaka na kikombe."

Watu wakacheka. Kicheko kingetosha. Lakini Papa Ramazani akasimama.

"Muzee Bahati, siku ya dot, tukileta mahari, nitakuletea konfitiri ya mukono yangu. Utapindua chupa, haitaanguka. Utaikata na kisu, sawa vile unakataka fromage yako."

"Na kama inaanguka?"

"Haitaanguka!"

"Kama inaanguka," akasema Papa Bahati, akiwageukia wajukuu waliojaa mlangoni, "tutakuita Papa Siro. Na batoto bote batakaozaliwa kwa hii ndoa, bajukulu ba Siro."

Msiofahamu Masisi mtasema ni mzaha. Jina analokupa mkwe mbele ya watu halitoki hata ukihama. Namjua mtu aliyemwaga maziwa kwenye harusi akiwa kijana. Amezeeka sasa, ni mzee wa kanisa, na bado anasalimiwa kwa jina la maziwa yale. Papa Ramazani alikuwa amepika konfitiri maisha yake yote. Aitwe Siro, tena na wajukuu wake mwenyewe?

Njiani kurudi, mke wake, Mama Asha, hakusema neno mpaka tulipofika Sake. Kisha akasema yote.

"Weye na mulomo yako! Nani alikutuma? Ungesema tutaleta mchele. Mchele ilishaaibisha nani?"

Papa Ramazani akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye upendo na kiburi angefanya, na ndicho kosa ninalotaka mlitazame vizuri. Akachagua tunda la kifahari: fraizi. Na katika fraizi akachagua zile zilizoiva kabisa, nyekundu mpaka moyoni, laini, zinazonukia hadi barabarani. Zile zenye bega jeupe, ambazo hazijaiva sawasawa, alizirudisha kwa muuzaji kwa dharau. "Nipatie za bakwe," akamwambia, "si za nguruwe."

Fraizi ni tunda maskini wa pektini tangu kuzaliwa. Likiiva hivyo, hata kile kidogo limeshakila. Alikuwa amenunua ukuta uliokwisha kuanguka, akausifu kwa rangi yake.

Akapika. Nikasogeza kisahani. Tone likakimbia. Akapika tena. Likakimbia. Akapika zaidi, na moto ukilizidi tunda unakula hata simenti iliyobaki. Ile nyekundu ikawa kahawia, jiko zima likanuka sukari iliyoungua, na tone bado linakimbia, sasa kwa uzito, kama mzee anayekimbia mvua.

Mama Asha akaleta bakuli. "Tia unga ya muhogo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua! Bahati atajua! Ile itakuwa uji, Mama Asha, uji ya rangi!"

Katika hilo alisema kweli, na mwambieni yule msichana wa fraizi yenye meno. Unga unafanya kitu kizito, haufanyi kitu kinachosimama. Unaficha ladha, unaifanya konfitiri iwe na ukungu kama dirisha la basi wakati wa mvua, na baada ya muda unaachia maji.

Papa Ramazani akaketi kwenye kreti, kofia mkononi. "Weye," akaniambia, "ulisoma hii miaka yote. Hauna kitu?"

Mimi nilikuwa natazama dirishani. Mbuzi wa jirani walikuwa kwenye maganda, wanatafuna kwa utulivu wa watu wenye uhakika wa pensheni. Nikatoka nje. Nikawafukuza. Mmoja alinipiga pembe gotini, na nakubali alikuwa na haki: alikuwa ameitumia elimu yangu miaka mingi kuliko mimi.

Maganda yaliyokwisha kutafunwa tukawaachia. Tukachukua gunia jipya la marakuja, tukakamua, tukaosha maganda. Fanyeni hivi: yachemsheni kwenye maji mpaka nyama ya ndani ilainike na kuwa kama kioo. Ikwangueni kwa kijiko. Kaka la nje, lile gumu, tupeni sasa, mbuzi nao wale. Ile nyama ichemsheni tena na maji kidogo na ndimu, chujeni kwa kitambaa safi, wala msikamue kwa hasira. Maji yatakayotoka yanateleza kama kamasi. Hayapendezi. Ndiyo simenti yenyewe. Mkitaka kuhakikisha, tieni kijiko kimoja kwenye alkoli ya famasi, ndani ya glasi iliyo mbali na chakula. Yakigandamana kuwa donge, pektini ipo. Donge hilo halionjwi, linatupwa.

Papa Ramazani alipoona ile chupa ya famasi alinyoosha kijiko kama upanga. "Ile alkoli isikaribie sufuria yangu!"

"Iko kwa glasi, Papa. Ni ya kupima tu."

"Pimia kule. Kwa dirisha."

Nikapimia dirishani. Donge likaja, kubwa, limeshikana. Mama Asha akalitazama, akasema: "Na hii ndiyo tulikuwa tunapatiaka mbuzi?" Hakuna profesa aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo.

Tukarudi sokoni. Safari hii alinunua fraizi zilizoiva kwa kiasi, na zile zenye bega jeupe akazichanganya, akimwomba muuzaji radhi kwa kukohoa. Tukatia mapera machache mabichi ya njia ya Rutshuru. Wachuuzi wa kule huyachuma kabla ya kuiva ili yastahimili mitikisiko ya pikipiki, na tulikuwa tumeyadharau miaka yote kwa ugumu wao. Barabara mbaya ilikuwa inatuchagulia matunda bora ya konfitiri, na sisi tunanung'unika.

Kipimo cha maji ya maganda kilikuwa juu yangu. Nilisema kikombe. Papa Ramazani akaniangalia, akaangalia sufuria, akafikiria Masisi, akatia kikombe. Kisha nikatazama kando na akatia kingine. Najua alitia kingine. Tone lilipotua kwenye kisahani halikukunja uso tu, liligoma kabisa. Akalibusu.

Kabla ya kufika siku ya dot, neno moja kuhusu maharage, maana ni habari ile ile na inawamalizia makala. Maharage yanalainika pektini yake ikiachia, na tomati na ndimu zinaikataza kuachia. Mnazitia mapema, maharage yanabaki mawe. Nililijua hilo pia kwa nadharia. Siku ambayo mke wangu alisafiri, nilitia tomati mwanzoni ili zikolee, nikachochea jiko kutwa nzima, na jioni nikala mkate. Chemsha kwanza, laini kabisa, ndipo tomati. Mke wangu aliporudi aliyatazama yale maharage, akasema, "Docteur, tutayapanda."

Siku ya dot ikafika. Tulikwenda na kila kinachotakiwa, na chupa ya Papa Ramazani ikiwa imefungwa kwa kitenge, mikononi mwa Mama Asha, kama mtoto wa arobaini. Maneno marefu yakasemwa, yakajibiwa. Ng'ombe wakasifiwa. Papa Bahati hakusahau. Chakula kilipoletwa akaweka duara la fromage mezani na akanyoosha mkono.

"Basi, lete."

Watoto wakasogea. Papa Ramazani hakutazama. Alitazama dari, na midomo yake ilikuwa inasoma dua. Papa Bahati akafungua chupa, akaigeuza juu ya sahani.

Haikuanguka.

Akaitikisa. Haikuanguka. Akapiga tako la chupa kwa kiganja. Hakuna. Sebule yote ikashangilia, Mama Asha akapiga vigelegele, mimi nikajisikia nimepata shahada ya daktora. Papa Bahati akaendelea kupiga. Akachukua kijiko, kikasimama wima ndani ya chupa na kubaki hapo. Akachukua kisu cha fromage, akazungusha ukingoni, akavuta. Mwishowe kitu kikatoka kwa sauti ya kiatu kinachotoka topeni, kipande kizima, chekundu, chenye umbo la chupa. Kikatua kwenye sahani na kurukaruka kidogo.

Papa Bahati akakikata. Akaweka kipande juu ya fromage. Akala, akatafuna, akaendelea kutafuna. Alitafuna muda mrefu sana. Sisi wote tulimsubiri.

"Tamu iko," akasema. "Lakini Muzee, hii haiko konfitiri." Akapiga ile iliyobaki kwa ncha ya kisu, ikatetema. "Hii unaweza kujenga nayo. Karibu kwetu, Papa Simenti."

Na ikawa hivyo. Kiwanda kilifungwa miezi michache baadaye. Chupa nazo hazikuja tena. Papa Ramazani anapika nyumbani kwake, kikombe kimoja tu cha maji ya maganda, na inasimama vizuri bila kuhitaji kisu. Lakini jina halikurudi nyuma. Mjukuu wake wa kwanza, kabla hajajua kutamka Ramazani, alijua kutamka Simenti. Mzee anaitika kwa sauti kubwa, barabara nzima isikie. Anasema kwa kazi tuliyofanya miaka yote ile, alistahili Siro.

Yule msichana nilimpa maganda ya marakuja kwenye mfuko, nikamwonyesha kitambaa na kisahani. Aliyapokea kwa ncha za vidole, kama ninavyowajua ninyi vijana.

"Na nitajuaje kama iko bien, Papa?"

"Una mchumba?"

Akaona haya. "Niko naye."

"Mupelekee mjomba wake chupa," nikamwambia. "Aipindue mbele ya watu."